Bodaboda ya mkataba, na mtoto anayemwogopa baba
Kaka wa Uyole, Mbeya, nimesoma ulichoandika: unaendesha bodaboda ya mkataba, yaani unailipia kidogo kidogo mpaka iwe yako, na hesabu unayompelekea tajiri mwenye pikipiki inameza kila kitu, na mtoto wa miaka mitatu akikuona anajificha nyuma ya khanga ya mama yake. Nimepita humo humo.

Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, uliza kikundi cha malezi. Mimi nilikuwa mwanaume peke yangu, aibu tupu, ila nilijifunza kumwogesha mwanangu bila kufoka.

Hela: ingia VICOBA kwanza, vile vikundi vya mtaani vya kuweka na kukopa. Mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (vijana hutengewa 4), hauna riba, lakini hupewa kikundi kilichosajiliwa. Mwenzenu akitoroka, deni lenu. Wakopeshaji wanaoshika kadi yako ya benki kama dhamana, waepuke.

Ukishaanza kumpiga mtoto kwa hasira, muone afisa ustawi wa jamii wiki hii hii.