Kiboksi cha pande sita, mtoto anatumia upande mmoja tu. Nimepigwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mtoto wa kiume wa miaka 9 mwenye usonji, tunakaa Nkuhungu, Dodoma. Akizidiwa na kelele anapepea mikono, anatafuna kola ya shati, na tangu mdogo anapenda kusugua upindo wa shuka. Nilimnunulia kwa machinga kile kiboksi cha plastiki cha kuchezea vidoleni, chenye pande sita, shilingi 5,000. Siku za mwanzo alikichezea chote. Sasa ni wiki ya pili, anagusa upande mmoja tu, ule wenye kibonyeo, yaani kishimo laini, na kola bado anatafuna. Mwalimu naye anasema kinapiga kelele darasani. Nimepigwa? Nitafute cha bei kubwa?

JIBU: Marahaba mama. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani nasaidia watu kumudu shughuli zao za kila siku, ila salamu nimeipokea.

Hujapigwa. Kiboksi hicho kimekuonyesha jambo ambalo mimi ningehitaji kukaa na mtoto mara kadhaa ndipo nilione.

Ulichonunua ni nakala ya Fidget Cube, iliyobuniwa Marekani na kampuni ya Antsy Labs. Mwaka 2016 walichangisha zaidi ya dola milioni 6 kupitia Kickstarter, tovuti ambako watu huchangia bidhaa kabla haijatengenezwa, na nakala za bei poa zikawahi kuingia sokoni kabla hata waliochangia hawajapata za kwao. Umbo halijabadilika: upande mmoja una vitufe vitano, mwingine swichi kama ya taa, mwingine kijiti kama cha rimoti ya gemu, mwingine gia na gololi, mwingine duara la kuzungusha, na wa sita una kibonyeo laini cha kupitisha kidole gumba. Kwenye kile halisi vitufe vitatu vinalia na viwili ni kimya. Nakala nyingi nilizozishika vinalia vyote, na hiyo ndiyo kelele anayoisema mwalimu.

Sasa tuje kwa kijana. Kupepea mikono na kusugua shuka si utundu, wala hutakiwi kumzuia. Miondoko ya kurudiarudia, pamoja na namna mtu anavyopokea sauti na mguso, imo kwenye vigezo vya usonji katika DSM-5 ya mwaka 2013, mwongozo ambao wataalamu hutumia kutambua usonji na hali nyingine. Kwa wengi ni njia ya mwili kujituliza. Kwa hiyo, kidude kinapoingia nyumbani, swali langu huwa ni mkono wake unatafuta nini. Wa kwako umeshajibu: alisugua upindo wa shuka, na kati ya pande sita akachagua pa kusugua. Hataki mlio wala kitu cha kuzunguka. Anataka kitu laini kipite chini ya kidole gumba, polepole. Pande tano alizoziacha zimefanya kazi yake pia, maana umejua usipoteze hela wapi.

Umefanya vizuri pia kusubiri hadi wiki ya pili. Siku mbili tatu za mwanzo kila mtoto anapenda kitu kipya, hata wa jirani asiye na usonji. Ongeza daftari tu: andika saa ngapi alikishika, alikuwa wapi, kulikuwa na kelele gani, na baada ya hapo alitulia au alikitupa. Wiki moja ya maandishi hayo inamsaidia mtaalamu kuliko maelezo marefu ya kukumbukia kliniki.

Kuhusu kola, kiboksi hakiwezi kusaidia, kwa sababu mdomo haushibi kwa kazi ya kidole. Taya linataka kitu kigumu kidogo cha kuvutana nacho. Nyumbani mpe karoti mbichi au kipande cha muwa, awe amekaa na wewe ukiwa karibu. Kwa matumizi ya shuleni, kuna vifaa vya silikoni vilivyotengenezwa mahsusi kwa kutafunwa. Ila kama kutafuna kumeanza ghafla, au kumeongezeka ghafla, muangalie kwanza meno na masikio. Mtoto asiyeweza kusema "naumwa" mara nyingi maumivu yake yanatoka kwa njia hiyo, na hapo anahitaji hospitali.

Usalama usiupite haraka. Vuta gololi na kijiti kwa nguvu zako za mtu mzima. Vikicheza, kitupe, hasa kama nyumbani kuna mdogo wake wa chini ya miaka mitatu. Vidude vya aina hii vinavyowaka taa mimi siviruhusu kabisa. Ndani vina betri za vidonge, na betri hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa mbili. Na hili vumbi letu la Dodoma, hasa upepo wa kiangazi, linajaa kwenye gia mpaka zinagoma. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, usikizamishe, springi zitashika kutu.

Cha bei kubwa cha nini? Utalipia tena pande tano asizozitaka. Kwa mtoto mwingine ningekwambia mwekee mfukoni komwe moja ya bao: laini, kimya, inakaa vizuri chini ya kidole gumba. Wako anapeleka vitu mdomoni, kwa hiyo komwe hapana. Nenda kwa fundi cherehani na kaptula yake ya shule, amshonee ndani ya mfuko kipande cha satini chenye upindo mnene, kama ule wa shuka. Hakidondoki, hakilii, wenzake hawakioni, na mwalimu hana cha kunyang'anya. Kiboksi kibaki nyumbani. Mwalimu mweleze mapema kwamba mkono ukiwa mfukoni mtoto bado anasikiliza, asimwambie autoe.

Mwambie fundi ashonee kaptula mbili, ya pili kwa siku ambayo ya kwanza iko kwenye kamba.