Maswali yenu: Kasi ya sauti ni ngapi? Sema kwanza iko wapi

Safari hii karibu kila aliyeandika kauliza kuhusu mwanga au sauti. Nadhani mitihani imekaribia. Maswali marefu nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo mwalimu. Kasi ya sauti ni ngapi? (Kidato cha tatu, Tabora)

Marahaba. Ngapi wapi? Swali hili linaletwa kila baada ya wiki chache na kila mara linakuja uchi vilevile. Kwenye hewa ya nyuzi 20 ni mita 343 kwa sekunde. Hewa ikiwa nyuzi sifuri, ni 331. Majini ni kama 1,480, na ndani ya chuma cha pua inavuka 5,000. Sauti ni chembe za kitu kusukumana, kwa hiyo kasi ni ya kitu kinachosukumwa, wala si ya anayepiga kelele. Ukimfokea mtu, sauti yako haimfikii mapema kuliko ukimwita kwa upole. Mwanafunzi akiniandikia namba tupu, bila kusema ndani ya nini na kwa joto gani, nakata maksi.

Na mwanga?

Mita 299,792,458 kwa sekunde penye ombwe, yaani pasipo hewa wala kitu chochote, maana wenyewe hauhitaji kitu cha kuubeba. Ukiingia majini unapungua hadi kama kilomita 225,000 kwa sekunde. Sauti ikiingia majini inaongeza mwendo. Anayewaambia kuwa mawimbi haya mawili ni ndugu, mwambieni ni majirani tu.

Mimi ni fundi ujenzi, Dodoma. Nimenunua kipimo cha leza cha bei poa. Ukuta uleule, asubuhi kinasoma hivi na mchana vile. Kimekufa?

Pole fundi. Hakijafa, ila naona umeuziwa sauti kwa jina la mwanga. Ngoja nibahatishe: mchana namba inakuwa ndogo, sivyo?

Kuna vifaa vinavyotupa doa jekundu ukutani, na mnunuzi akiliona anaamini analipia leza. Doa lile ni la kulengea tu. Kinachopima ni sauti nyembamba mno, sikio la mtu haliipati. Inatoka, inagonga ukuta, inarudi, kifaa kinahesabu muda, kinazidisha kwa kasi ya sauti, kisha kinagawa kwa mbili. Sasa rudi kwenye jibu la mwanafunzi wa Tabora. Kila nyuzi moja ya joto ikipanda, sauti hewani huongeza kama mita 0.6 kwa sekunde. Kutoka nyuzi 18 za asubuhi hadi 30 za mchana umepata mita 7 za ziada, yaani asilimia 2. Sauti inawahi kurudi, kifaa kinadhani ukuta umesogea. Kwenye mita 10 umekosea sentimita 20, na hiyo inazidi unene wa tofali la inchi sita. Kifaa kizuri kina kipimajoto ndani na kinajirekebisha. Cha kwako hakina.

Kigeuze ukitazame usoni. Ukiona tundu la duara lenye wavu kama la spika, ni sauti. Leza ya kweli ina lenzi, inalinganisha mwanga uliotoka na uliorudi, na kosa lake ni milimita chache. Hata hivyo kwa vyumba vya kawaida mimi bado naamini tepu. Na huyo kibarua wako anayemulika wenzake machoni kwa leza, mnyang'anye leo.

Mwanga una mbio hivyo, wazee wa zamani waliupimaje?

Galileo, mwanasayansi wa Italia, alifikiria watu wawili wenye taa, kila mmoja kwenye kilima chake: mmoja anafunua, mwingine akiona naye anafunua. Hakuambulia kitu, kwa sababu mkono wa mtu ni mzito kuliko safari nzima ya mwanga. Mwaka 1676 mtaalamu wa nyota Ole Rømer, akiwa Paris, aligundua kuwa mwezi mmojawapo wa sayari ya Mshtarii (Jupita) unachelewa kuonekana kadiri dunia inavyokuwa mbali nao. Mwanga, kumbe, unatumia muda.

Ninayempenda mimi ni Fizeau, Mfaransa, mwaka 1849. Alichukua gurudumu lenye meno 720, akapitisha mwanga kwenye pengo kati ya meno mpaka kwenye kioo kilichokuwa kilomita 8.6 mbali naye, urudi pale pale. Gurudumu likizunguka polepole, mwanga unarudi kupitia pengo lilelile. Akaliongeza kasi mpaka mizunguko kama 12.6 kwa sekunde, na hapo mwanga uliporudi ukakuta jino limeziba. Giza. Chukueni kalamu: kilomita 17.2 za kwenda na kurudi, kwa muda wa jino moja kuchukua nafasi ya pengo. Mtapata kama kilomita 313,000 kwa sekunde. Alizidisha kwa asilimia 4 hadi 5 tu, kwa meno ya gurudumu!

Siku hizi haipimwi tena. Tangu 1983 mita yenyewe inatafsiriwa kwa mwendo wa mwanga, hivyo namba ile imefungwa. Ukijifungia maabara na leza na saa nzuri, unachopima ni mita yako.

Simba na Yanga zikicheza, jirani mwenye redio anashangilia goli kabla yetu wenye kisimbuzi. Kwani sauti imeipita picha?

Hapa ndipo ninapochoka. Redio hairushi sauti! Sauti ya mtangazaji inafia kwenye maikrofoni na kuzaliwa upya kwenye spika ya jirani yako. Kinachopita katikati ni wimbi la ukoo wa mwanga, kwa mwendo wa mwanga. Wimbi hilo lingemaliza kilomita 850 za Dar hadi Mwanza kwa sehemu 3 za elfu za sekunde, wakati shabiki aliyekaa mita 150 kutoka kwa mwamuzi anaisubiri filimbi karibu nusu sekunde.

Kama kisimbuzi chenu ni cha dishi, picha inapanda kilomita 36,000 hadi setilaiti na kushuka tena, robo sekunde. Sekunde zilizobaki zinaliwa na mitambo inayobana picha na kuifungua. Anayetazama kwenye simu ndiye wa mwisho kabisa, kwa kuwa programu hujiwekea akiba kwanza. Nanyi mnaobashiri mechi ikiendelea huku mnaitazama kwenye simu: mnaweka pesa kwenye jambo ambalo wengine wameshaliona.

Mwalimu anasema masafa ni idadi ya mawimbi kwa sekunde. Babu anasema masafa mafupi ni zile redio za mbali. Nani mkweli?

Wote wawili, mwenye kosa ni neno. Babu anazungumzia urefu wa wimbi, ndiyo maana redio zake zilitangaza "mita bendi 31". Gawa 300 (mamilioni ya mita ambazo wimbi la redio hukimbia kwa sekunde) kwa 31, unapata kama megahetzi 9.7, yaani mitetemo milioni 9.7 kwa sekunde, ambayo ndiyo namba ya mwalimu. Kifupi cha babu ni cha juu cha mwalimu. Mimi husema urefu wa wimbi na idadi ya mitetemo, neno masafa nimewaachia watangazaji.

Kelele za baa ya jirani zinasoma desibeli 90 kwenye simu yangu. Mwenyewe kaahidi kushusha hadi 80. Si ananidanganya?

Akitimiza, kafanya kubwa. Desibeli si shilingi. Kushuka 10 ni kubakiza sehemu moja ya kumi ya nguvu ya sauti, ingawa sikio litakuambia imepungua kama nusu. Ila usiipeleke simu yako kwa ofisa mazingira kama ushahidi. Maikrofoni yake ilitengenezwa kwa ajili ya mdomo wako. Omba waje na kipimo kilichohakikiwa. Ninaowahurumia mimi ni wahudumu wa baa hiyo. Kanuni ya afya kazini inasema 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwenye 100 ni dakika 15.

Ni kweli sekunde kati ya mmweko wa umeme na ngurumo ndizo kilomita?

Gawa kwa tatu. Sekunde zenyewe zikiwa chini ya 30, ingia ndani ya nyumba, na mwembe si nyumba. Usitoke mpaka nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho.