Mnataka kusherehekea historia ya mtaa wenu? Anzeni na wazee, turubai baadae

Jamani, kila nikisikia watu wanapanga siku ya mambo ya kale mtaani kwao, cha kwanza kujadiliwa ni turubai na spika, cha pili mgeni rasmi atakua nani, halafu yule mzee anayejua kila kona anapewa taarifa asubuhi ya siku yenyewe aje afungue kwa sala. Mi nimekaa kwenye kamati za hizi sherehe hapa Iringa na ushauri wangu ni mmoja tu, sherehe ije mwishoni, kazi ya kukusanya itangulie.

Nendeni kwa wazee mapema, wiki kadhaa kabla, mkiwa wawili watatu, kamwene zenu (salamu ya Kihehe) za heshima, sukari mkononi (msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, mnajua wenyewe cha kubeba), simu inarekodi mezani na mumwambie kabisa babu kwamba inarekodi. Sasa hapa watu wanapokosea ni maswali. Ukimuuliza mzee habari za Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, utapewa yale yale ya darasani, vita vya Lugalo 1891, kamanda wao Zelewski akauawa, ngome ya Kalenga ikaanguka 1894, fuvu la Mkwawa likarudishwa 1954. Hayo yapo, nendeni makumbusho ya Kalenga mkalione fuvu lenyewe, sio mbali na mjini. Kwa mzee muulize yasiyokuwepo Kalenga: hii njia zamani ilipita wapi, nani alifyatua tofali za nyumba hii, bibi zenu walichota maji wapi, lile jiwe mlikatazwa kulipanda kwa nini. Hapo ndo anakaa vizuri kwenye kiti na chai inapoa.

Nyumba za zamani nazo. Wengi wanadhani serikali inazilinda zote, hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, ya baada ya hapo mpaka yatangazwe rasmi, kwa hiyo nyumba ya babu yako ya enzi za Mwingereza mlinzi wake ni nyie wenyewe ukoo. Na msiziue kwa kuzipenda! Watu wanachanga hela ya sherehe wanapiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa udongo ili upendeze kwenye picha, kumbe saruji inafungia unyevu ndani, tofali zinalainika taratibu na plasta inabanduka na ukuta wake. Ziba nyufa kwa udongo ule ule, tengeneza paa na mifereji ya maji, inatosha. Halafu ipeni kazi, nyumba isiyo na mtu haichukui muda kuanguka. Angalieni Boma pale mjini, Wajerumani walilijenga kama hospitali ya jeshi, likaja kuwa ofisi za serikali, leo ni makumbusho, na nadhani limesimama mpaka leo kwa sababu halikukaa bure.

Mkipeleka watoto Isimila, kwenye zana za watu wa Zama za Mawe (wapelekeni, ni barabara ya Mbeya hapo tu), waambieni kabla hawajashuka kwenye gari kwamba zile zana za mawe haziokotwi hata moja, maana jiwe likishatoka pale lilipolala wataalamu hawawezi tena kusoma chochote. Na kwenye michoro ya mwambani kama Igeleke msimwage maji eti rangi zionekane kwenye simu, maji yanaifuta kidogo kidogo.

Mambo ya chakula na ngoma sisemi, kina mama wa mtaa wanajua kuliko mimi.

Ila rekodi zenu zisiishie kwenye grupu la WhatsApp, simu ikiibiwa basi. Nakala moja kwa familia ya mzee, moja shule ya jirani, moja kwenye flashi kwa katibu. Na picha za siku hiyo andikeni majina ya waliomo jioni ile ile, mkisubiri wiki mtaanza kubishana yule wa tatu mwenye kofia alikua nani.