Mwulizeni mpangaji kabla ya dalali

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu wa bara anayetaka kununua nyumba ya kupangisha katika mji wa pwani asioufahamu, achunguze nini kwanza? Swali hili limenichoma, kwa sababu huku Kigoma si la kufikirika. Tangu habari za bomba la mafuta ghafi zianze, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, haipiti wiki pale sokoni Mwanga sijasikia mtu anatafuta nyumba Tanga, eti hela sasa iko kule. Wengi wao Tanga hawajawahi kufika.

Mimi nauza mawese na nina vyumba vya kupangisha Gungu, kwa hiyo nasema kama mwenye nyumba. Nyumba ya kupangisha iwe mahali unapofika kwa bodaboda. Choo kikiziba, mpangaji hawezi kungoja basi lako litoke Kigoma, lipite Tabora, Singida na Dodoma.

Ya hati nitayapita haraka, maana kila mtu huyasema na ni kweli. Nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi, uone jina lililoandikwa, kama kuna mkopo wa benki juu ya nyumba, na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Ukionyeshwa leseni ya makazi, ujue hiyo si hati. Ufukweni, ndani ya mita 60 kutoka majini, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu. Hayo yote yana ofisi zake. Mimi nataka kusema yale ambayo hayana ofisi: nani wa kumwuliza.

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni mwalimu mstaafu wa Kasulu. Mafao yake yalipotoka, dalali mmoja wa Tanga akamtumia picha kwenye simu: nyumba ya vyumba sita, korido katikati, uani mpana, mnazi kwa nyuma. Bei ikamvutia. Mdogo wangu akaniomba nifuatane naye, kwa kuwa nilikuwa na safari ya Dar es Salaam kufuata hela zangu za mzigo. Tuliposhuka stendi ya Kange, dalali alitupokea kwa heshima zote, akatupeleka Raskazone kwanza tukaione bahari. Nyumba yenyewe haikuwa Raskazone. Ilikuwa Ngamiani, kule kwenye barabara zinazoitwa kwa namba.

Dalali akabaki barazani na shemeji, anampigia hesabu: kodi ya chumba kimoja, mara sita, mara miezi kumi na miwili. Mimi nikapita korido mpaka uani. Nikamkuta bibi mmoja amekalia mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Mmekuja kununua?"

Nikamwuliza amejuaje. "Wanakuja wengi. Ila huku uani hawafiki."

Sikumwuliza kodi. Nilimwuliza maji wanachota wapi. Akanionyesha bomba kwa kidole: limekatwa kwa deni la mwenye nyumba. Ya kunywa wananunua kwa jirani. Kisima kipo, ila maji yake ya chumvi, ukifulia sabuni haitoi povu. Akaniambia nipitishe mkono kwenye ukuta wa choo. Plasta ikabaki kiganjani kama unga. Juu ya mlango nondo ilikuwa imevimba kwa kutu hadi imepasua linta, na ufa umezibwa kwa rangi mbichi. "Chumvi hiyo," akasema. "Wakija wageni inapakwa rangi." Masika chemba ya maji taka hufurika, chooni hakuingiliki.

Umeme nao ni LUKU moja, mita ya kulipia kabla, kwa vyumba sita. Mwenye friji na mwenye taa moja wanachanga sawasawa, na tangu kodi ya majengo ianze kukatwa humo mwaka 2021, anayewahi kununua umeme mwezi ukianza huona amemlipia mwenye nyumba. Ugomvi huo naujua vizuri, hata kwangu Gungu upo.

Kisha akashusha sauti. Nyumba ni ya marehemu, ameacha watoto watatu. Anayeuza ni yule mdogo. Dada yao mkubwa, aliyeolewa Pangani, hana habari, na mirathi haijafunguliwa. Dalali alikuwa ametuambia hati ipo, na kweli ilikuwapo, kwa jina la baba yao.

Nikamwuliza la mwisho: wapangaji wanakaa? "Sisi wa siku zote tunakaa. Hao vijana wa miradi, kazi ikiisha wanafunga mabegi."

Kwa hilo Mtwara ni shahidi. Wakati wa mradi wa gesi watu walijenga na kukarabati nyumba wakitarajia wageni, na kodi zikapanda. Bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015, mafundi wakaondoka, wenye nyumba wakabaki kutafuta wapangaji. Bomba hujengwa na watu wengi na kuendeshwa na wachache, na la Tanga litakuwa hivyo hivyo.

Tuliondoka bila kununua. Shemeji alininunia mpaka tunaipita Dodoma.

Nilikusudia kuishia hapa, niwaambie wasomaji kila mtu awekeze kwao. Lakini nikiandika haya nawakumbuka watu wa Katonga na Kibirizi. Wale hawakununua mahali wasipopajua, wengine wamezaliwa pale pale. Ziwa Tanganyika lilipopanda miaka ya karibuni, maji yaliwafuata mpaka majumbani. Na sisi wa hapa kila mmoja ameuona mnara wa Livingstone kule Ujiji. Mwaka 1871, alipokutana na Stanley, ziwa lilikuwa karibu na ule mwembe waliokutania chini yake. Leo ukitaka kuligusa unatembea, kwa sababu Mto Lukuga ulipofunguka upande wa Kongo maji yalirudi nyuma. Habari hiyo tunaisimulia kwa wageni kila siku, na bado tumejenga palepale maji yalipotoka. Kwa hiyo siwezi kushikilia kwamba kuwa karibu kunatosha. Bibi yule alinieleza nyumba nzima kabla hajamaliza kukuna nazi, na hapa kwetu sijui kama kuna aliyewahi kumwuliza mpangaji wa Katonga kabla ya kujenga jirani yake.

Shemeji bado anaitaja Tanga, na akiniuliza leo nitamwambia anunue. Ila si nyumba ya haraka. Apange chumba kwanza, Ngamiani au Makorora, akae masika yote, Machi hadi Mei, aione chemba kwa macho yake. Asipige hesabu ya bomba, apige hesabu ya walimu, manesi, watu wa bandari na wa saruji, ambao watakuwapo hata mradi ukiisha. Kama ni nyumba ya urithi, aone barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na azungumze na warithi wote, hata wale walioolewa mbali. Atakayemkusanyia kodi asiwe dalali aliyemwuzia. Mafao yasiende yote humo, kwa sababu ugonjwa haungoji mpangaji alipe. Na hati ikitoka iwe na majina mawili, lake na la mdogo wangu, maana mafao hayo waliyasubiri wote wawili.

Msomaji wenu,
Gungu, Kigoma