Kabla Hujanunua Kucha za Kukatia Miti, Nionyeshe Chati

Juzi kijana mmoja wa Dar kaniandikia baada ya kuona video yangu nikishusha mti hapa Michigan, Marekani: "Shikamoo kaka. Hizo kucha zenye msumeno bei gani? Nina Fuso yenye winchi, nataka nizifunge nianze kukata miembe ya watu mjini." Marahaba, mdogo wangu. Najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo, kwa hiyo namjibu hapahapa.

Mti wa kwenye video ni ash, aina ya mti wa huku, uliobanwa katikati ya nyumba na gereji, na ulikuwa umeshakufa. Huku miti hiyo inamalizwa na mdudu wa kijani anayeitwa emerald ash borer, aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002. Funza wake wanakula chini ya gome, pale panapopita maji na chakula, na mti unakauka ndani ya miaka michache. Ukiusogelea unaona vitundu vya umbo la herufi D, na gome linabanduka ukiligusa tu. Mti kama huo hapandi mtu, maana tawi ulilofungia kamba linaweza kukatika ukaja nalo chini. Ndiyo sababu ya kreni, ile mnayoiita winchi: kucha zilizofungwa kwenye mkono wake zinashika, msumeno unakata chini yake, mimi niko mbali na rimoti.

Tuliumaliza kabla ya chakula cha mchana, paa halikupata hata mkwaruzo. Nalisema kwa sauti kwa sababu msimamizi wangu wa kwanza alikuwa akiongea nami polepole kama mtu anayeongea na mtoto. Kazi yangu ilikuwa kuburuta matawi hadi kwenye mashine ya kusaga, na rimoti nilikatazwa hata kuishika. Leo kukiwa na mti mgumu, simu inayolia ni yangu. Sijasahau. Tuendelee.

Winchi yako ilitengenezwa kunyanyua kitu kilicholala chini, ambacho uzito wake unajulikana. Mti unakukabidhi mzigo ukiwa juu, kwa ghafla, msumeno ukimaliza tu kukata. Tena msumeno upo chini ya kucha, kwa hiyo karibu uzito wote unabaki juu ya pale uliposhika. Ukikata kipande kirefu chenye matawi kitapinduka, na mtikisiko wake utaingia kwenye mkono wa kreni na kwenye gari lenyewe. Kata vifupi. Watu wakikucheka kwamba unachelewa, waache wacheke.

Halafu piga hesabu. Tuseme chati ya kreni, yaani jedwali la uzito inaoweza kunyanyua kwa kila umbali mkono wake unaonyooshwa, inakuruhusu kilo 1,500 kwa umbali uliopo. Kucha zenyewe zina kilo 600, unabaki na 900. Gogo bichi la mti mzito, kipenyo sentimita 60, urefu mita 3, linakaribia kilo 850. Umeshafika ukingoni! Na kipenyo kikiongezeka mara mbili, uzito unaongezeka mara nne. Wengi wanakadiria kwa macho, na macho yanadanganya.

Miguu ya kreni itoe yote, iwekee mbao nene chini, na kwanza uliza shimo la maji taka liko wapi. Hapo sitarefusha.

Umeme ndio unaoua. Sheria za kreni za Marekani zinaanzia umbali wa futi 10 kutoka nyaya za hadi voti 50,000, na voti zikizidi umbali unaongezeka. Wewe usikubali kazi karibu na waya mpaka shirika la umeme limezima. Ukiwa na rimoti usiegemee gari, kwa sababu mkono wa kreni ukigusa waya, gari zima lina umeme na ardhi inayolizunguka pia. Usisimame usawa wa upanga wa msumeno vilevile, yaani lile bapa ambalo mnyororo wenye meno unalizunguka. Mnyororo ukikatika, kipande chake kinaruka kama risasi.

Vijana, mnapenda mashine kuliko mnavyopenda kusoma kitabu chake! Rimoti haijali unatoka wapi wala nani alikudharau. Msinunue kitu kwa sababu kimependeza kwenye video, hata kama video ni yangu.

Kwa hiyo mdogo wangu, nitumie picha ya chati iliyobandikwa kwenye winchi yako, na uniambie kama mfumo wake wa mafuta ya haidroli unaweza kuendesha kucha na msumeno pamoja. Bei tutaiongea baada ya hapo.