Ekzosi ya pikipiki ya zamani haizibwi kwa silikoni

Msomaji mwenye Honda CG125 ya zamani ameniandikia kwamba amepaka silikoni nyekundu (gundi ya kuzibia) pale bomba la ekzosi linapoingia kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, mara tatu, na mara tatu imeungua. Hata ya nne itaungua. Silikoni hiyo huvumilia nyuzi 300 hivi, na moshi unaotoka hedi injini ikiwa na mzigo unazidi hapo kwa mbali. Fundi anayekupakia anakuuzia wiki moja. Pale panazibwa na ringi ya shaba, inayobonyea ikibanwa.

Hakikisha kwanza panavuja. Masizi kwenye shingo ya bomba ni dalili. Milio ya kupasuka ukiachia mkono wa mafuta ni nyingine: hewa ya nje inaingia na kuwasha petroli ambayo haijaungua. Injini ikiwa baridi, paka maji ya sabuni kwenye viungo, washa, kisha mwenzako azibe kidogo mdomo wa mafla (kizuia kelele cha nyuma) kwa tambaa nene. Povu litakuonyesha.

Nati zinazoshika bomba kwenye hedi ni mbili, spana namba 10. Zilowanishe kwa mafuta ya kulegeza kutu tangu usiku. Ikigoma, fungua kidogo, rudisha kidogo. Ukilazimisha, stadi, yaani msumari wa nyuzi unaobeba nati, itakatikia ndani ya hedi.

Toa bomba, kisha mulika tochi kwenye tundu la hedi. Ringi kuukuu huwa nyeusi, imegandamana na hedi kiasi cha kudhani ni sehemu yake, na wengi huweka mpya juu yake. Ringi mbili hukaa upande, na bomba halifiki mahali pake. Ichokonoe kwa bisibisi ndogo kutokea ndani, bila kukwaruza aluminiamu. Ukikuta gasketi ya nyuzinyuzi za kijivu, ilowanishe na usiipulize: za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake huua mapafu.

Ringi mpya ikikosekana, ya shaba tupu bapa hurudishiwa ulaini: ipashe moto hadi iwe nyekundu hafifu, itumbukize majini, isugue. Ile iliyokunjwa yenye kiini ndani, tupa.

Kufunga ndiko kunakoharibu kazi. Bandika ringi tunduni kwa grisi kidogo isianguke. Ning'iniza bomba, kaza nati kwa vidole, boliti inayoshika mafla kwenye fremu iache legevu. Kaza nati kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, mwanya wa flenji (bamba linalobana bomba kwenye hedi) uwe sawa pande zote. Spana fupi na nguvu ya kiganja zinatosha. Boliti ya mafla iwe ya mwisho kabisa. Ukianza nayo, inavuta bomba, ringi inabonyea upande mmoja na stadi zinabeba mzigo usio wake.

Kama bomba na mafla ni vipande viwili, kiungo hicho ndicho cha kupaka dawa ya ekzosi, ile inayokauka kama saruji. Safisha kwa brashi ya waya, paka nyembamba, funga klampu, acha ikauke, kisha injini iungurume taratibu dakika 10.

Ikipoa kabisa, kaza nati tena. Rudia baada ya kilomita 100.