Upepo wa breki si wa honi

Mbukwenyi, wadogo zangu.

Juzi nilipita gereji moja upande wa Kizota nikakuta kijana amelala chini ya gari la zimamoto la kampuni ya ulinzi. Mkononi ana kiungo cha T, pembeni ametandaza tarumbeta tano za honi zinazong'aa utadhani za bendi ya harusi. Nikamuuliza upepo anautoa wapi. Akagonga tangi la breki kwa spana: "Hapa fundi, umejaa kibao." Nilimvuta mguu mpaka akatoka chini ya gari. Kisha nikamnunulia soda, maana alikuwa anatetemeka, na mimi pia.

Basi haya ni kwenu mnaoanza kufunga honi za treni kwenye magari ya dharura. Rilei, fyuzi na rangi za waya mmeshavijua, sirudii mambo ya darasani.

1. Upepo utoe panapostahili. Lori lenye breki za upepo lina valvu ya njia nne. Ifute vumbi uisome: matundu yake yamepigwa chapa 1, 21, 22, 23 na 24. Namba 1 ni upepo unaoingia kutoka kompresa. 21 na 22 ni za breki za mguu, 23 kwa kawaida ni hendibreki na trela, 24 ni vitu vya ziada. Honi ni kitu cha ziada, hata iwe kubwa namna gani. Valvu ile imewekwa ili njia moja ikipasuka, nyingine zibaki na upepo wake. Ukichomeka honi kwenye njia ya breki, siku honi ikipasuka imepasuka breki.

Nayajua haya kwa sababu niliyafanya. Nilikuwa kijana kwenye gereji ya watu, likaletwa gari la zimamoto tulifunge honi kubwa. Dereva wake, mzee mmoja mpole, alitaka kitu cha kuwaamsha madereva wa malori ya alizeti wanaofunga vioo na kufungulia muziki. Mrija wa hendibreki ulikuwa jirani kabisa na pale nilipotaka kuweka tarumbeta. Ule wa 24 ulikuwa upande wa pili wa chasisi. Uvivu wangu nikauita ujanja. Nikaukata mrija, nikaweka T, nikavuta bomba la plastiki tulilokuwa tukitumia kupuliza vumbi pale gereji, nikalipitisha karibu na ekzosi na kulibana kwa klipu za plastiki. Jioni tukaijaribu uwanjani, kunguru wote wa mtaa wakaruka. Watu wakapiga makofi. Geji hata sikuitazama.

Ikakaa salama mpaka Oktoba, ule mwezi ambao lami ya Dodoma inaanza kuchemka watu hawajamaliza chai. Gari likaitwa kwenye moto. Kwenye makutano magari yamejaa, mzee akaibana honi, akaiachia, akaibana tena. Bomba lilikuwa limeshalainika kwa joto la ekzosi, likapasuka. Upepo wa hendibreki ukamwagika wote, springi za nyuma, ambazo upepo huo ndio unaozizuia, zikafanya kazi iliyoziweka pale, magurudumu yakakaza. Gari zima na shehena yake ya maji likaganda katikati ya njia. King'ora kinalia, taa zinazunguka, na foleni yote imesababishwa na sisi.

Mnaijua kazi ya kulegeza springi breki kwa bolti, chemba moja baada ya nyingine, mgongo uko juu ya lami ya moto na bodaboda wanapita pembeni ya kichwa wakitoa ushauri. Vijana wa zimamoto walipomaliza, gari jingine lilikuwa limeshafika kwa kuzunguka, na kibanda cha mama lishe kimebaki mabati. Hakuna aliyeumia. Meza, sufuria na mtaji wa yule mama viliisha.

Lakini hilo silo linaloniamsha usiku. Aliyeitwa kuandika maelezo ni dereva. Aliambiwa hakukagua upepo kabla ya kutoka. Mimi nilitumwa kuliangalia gari, nikaliona bomba langu limechanika, nikalikata, nikalitia mfukoni na kusema, "Springi zimechoka." Nilisema mbele yake. Mzee alinitazama tu. Yeye ndiye aliyeisikia honi ikikohoa kabla breki hazijakaza, kwa hiyo alijua, na akanyamaza ili nijisemee mwenyewe. Nilichelewa kujisemea. Barua ya onyo ilikuwa imeshaandikwa nilipoingia kwa mkubwa wa gereji na lile bomba mkononi. Barua ikafutwa, mimi nikahamishiwa kuosha vipuri kwa dizeli. Mzee alipoleta tena gari, alinishika bega: "Mwanangu, safari hii nifungie kengele ya baiskeli."

2. Ukimaliza kufunga, jaza upepo, zima injini, kisha legeza nati ya bomba la honi kwa makusudi na uache upande wa honi umwagike wote. Mishale ya geji za breki itashuka kidogo na kusimama. Ikiendelea kushuka, gari halitoki.

3. Bomba liwe la nailoni ya breki, mbali na ekzosi, na libanwe kwa klipu za chuma zenye mpira.

4. Ambulansi ni habari nyingine. Land Cruiser mkonga haina breki za upepo, kwa hiyo unafunga kompresa yake, tangi lake, swichi ya presha na valvu ya usalama. Kabla ya yote, pima kama gari ni la volti 12 au 24. Najua mtu aliyeunguza kompresa mpya kwa kukisia, na si mimi, ashukuriwe Mungu. Kompresa ya volti 12 inaweza kula ampia 20 hadi 30. Tumia waya mnene, fyuzi ikae karibu na betri, na uliza kwanza nyuma kuna nini. Kuna mashine ya kunyonya makohozi, kuna taa za mhudumu. Mgonjwa ndiye anayeanza kupewa umeme. Filta ya kompresa iweke juu, maana vumbi la barabara za Bahi halina adabu. Maji ya tangi yafunguliwe kila asubuhi.

Tarumbeta usizipandishe juu ya paa. Najua zinapendeza pale. Marekani sheria ya reli inataka honi ya treni isikike kwa desibeli 96 hadi 110 umbali wa futi 100, yaani kama mita 30. Kila umbali ukipungua kwa nusu, sauti inapanda kwa desibeli 6 hivi. Sasa piga hesabu mpaka mita 1: unakaribia 126 ukianzia chini, na 140 ukianzia juu. Chini ya paa hilo kuna nani? Mama mwenye kifafa cha mimba. Niliwahi kuletewa gari na nesi mwenyewe, pamba masikioni, akaniambia ama nishushe yale matarumbeta ama nipande nyuma nimshikie mgonjwa yeye aendeshe. Yakashuka kwenye bampa ya mbele siku ile ile, midomo ikainamishwa kidogo ili maji na vumbi visikae ndani.

5. Tarumbeta mbili nzito zinatosha. Vijana mnapenda tano, mnataka ile K5LA ya Nathan, honi ya treni za Marekani mliyoiona kwenye simu. Hiyo imepangwa noti zake ili mtu akisikia ajue ni treni. Sisi tuko Dodoma, na treni tunazo. SGR ina uzio na madaraja yake, sawa, lakini reli ya zamani ya geji ya mita bado inakutana na barabara. Ambulansi moja yenye tarumbeta tano ilifika nyuma ya foleni karibu na reli, dereva akaachia. Madereva wote mbele wakafanya walichofundishwa tangu utoto: wakasimama na kuangalia relini, kushoto, kulia. Hakuna aliyeangalia kioo cha nyuma. Mzee mwenye mkokoteni wa punda akashuka kabisa akamshika punda wake kichwa, wote wawili wakaisubiri treni. Dereva akazidi kubonyeza, nao wakazidi kusubiri.

Sauti nzito inapenya vioo kuliko nyembamba, hiyo ndiyo faida yake, nayo unaipata kwa tarumbeta mbili bila kumdanganya mtu kuhusu reli. King'ora ndicho kinachotangulia siku zote. Honi ni ya sekunde moja au mbili kwenye makutano, kwa mtu ambaye hajasikia kingine.

6. Swichi iwe ya kubonyeza na kuachia, isiwe ya kubaki. Na usimpulizie bodaboda ukiwa mita tatu nyuma yake, atakuangukia mbele.

7. Atakuja bwana na V8 yake binafsi, ametumwa na bosi, anataka honi kama ya ambulansi ili wapite foleni wakienda Mtumba, kwenye ofisi za serikali. Atatoa pesa nzuri. Atakuambia ana ruhusa. Mwambie alete kibali cha maandishi cha trafiki na kadi ya gari, wewe uendelee na kazi yako. Mimi wa mwisho nilimwambia hivyo akasema anakifuata kwenye gari. Nikasikia V8 ikiwashwa.